Siksipaki Si Cheti: Mambo 8 Lazima Uyajue Kabla Uanze Kulipisha Watu Mazoezi Hapa Tawa

Tuambiane ukweli, msee wangu. Ukiwa hapa Tawa na kifua kimekaa, mikono imejaa na uko na picha mbili tatu kali kwa simu, watu wataanza kukuita kocha kabla wewe mwenyewe ujiite. Leo ni beshte yako anataka tumbo iishe kabla ya harusi. Kesho ni mathe wa duka anauliza utamchaji ngapi kwa mwezi. Doh imeanza kunukia, na hakuna mtu amekuuliza swali la maana: huyu mathe akianguka katikati ya zoezi, unajua utafanya nini?

Hapo ndipo msee wa mazoezi na mkufunzi wa mazoezi huachana. Wa kwanza anajua mwili wake. Wa pili analipwa kujua mwili wa mtu mwingine, na huyo mtu anaweza kuwa na presha, goti bovu, ama mimba ambayo bado hajaambia mtu.

Na usidhani lazima uwe na mwili wa sanamu. Brother Colm O'Connell alitoka Ireland akafika Iten 1976 kufunza jografia katika shule ya St Patrick's. Hakuja kama kocha wa riadha. Alikaa, akaangalia vijana wakikimbia, akauliza maswali, akajifunza. Mwaka wa 2012, David Rudisha, kijana aliyemnoa, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 kwa Olimpiki ya London. Rekodi ya dunia. Hakuna mtu aliuliza Brother Colm anainua kilo ngapi.

Kwa hivyo kama hii kazi unaitaka kwa ukweli, haya ndio mambo ambayo mtihani wowote wa maana utakuuliza. Pia ndio yatafanya wateja wako warudi nyumbani wakiwa wazima.

1. Maswali kwanza, jasho baadaye

Kabla ya presapu ya kwanza, keti chini na mteja. Kuna fomu inaitwa PAR-Q, ilianzia Canada na sasa inatumika kila mahali. Iko na maswali 7 ya mwanzo, na ukiyaleta kwa lugha yetu yanauliza hivi: Daktari amewahi kukuambia uko na shida ya moyo ama presha? Kifua hukuuma ukiwa umetulia, kwa kazi za kila siku ama ukifanya mazoezi? Umewahi kuskia kizunguzungu hadi ukakosa balansi, ama kuzirai, kwa mwaka mmoja uliopita? Uko na ugonjwa mwingine wa muda mrefu? Kuna dawa unameza za huo ugonjwa? Uko na shida ya mfupa, kiungo ama misuli inayoweza kuharibika zaidi ukifanya mazoezi? Daktari amewahi kukuambia ufanye mazoezi chini ya uangalizi wa hospitali peke yake?

Akijibu "ndiyo" hata kwa swali moja, usianze. Uliza zaidi, na kama bado haieleweki, mtume hospitali kwanza. Hujapoteza mteja hapo. Umejiokoa kesi na umemuokoa maisha.

Sasa skiza hii vizuri. Utafiti wa serikali wa STEPwise wa 2015 ulipata kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne Kenya ako na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamewahi kupimwa. Unaona shida iko wapi? Mteja akikuambia "sina presha," mara nyingi anamaanisha "sijawahi pimwa." Kwa hivyo usimuulize kama ako na presha. Muulize alipimwa lini mara ya mwisho na walimwambia namba gani. Kama hajui, mwambie apitie hospitali ya Tawa ama kliniki iliyo karibu apimwe kabla muanze. Namba ikiwa 140 kwa 90 ama zaidi, mwachie daktari aseme neno la kwanza.

Hizo fomu nazo usiziache kwa meza ya kibanda. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa siri nzito. Ukienda kuambia mbogi kwamba mathe fulani ako na sukari, hiyo si udaku tu, umevunja sheria.

2. Ujue nini iko chini ya ngozi

Huhitaji kuwa daktari, lakini lazima ujue misuli mikubwa, mahali inashikia mfupa na kazi yake. Misuli ya mbele ya paja inanyoosha goti. Ya nyuma ya paja inakunja goti na kusaidia makalio kurudisha nyonga mbele. Misuli huvuta tu, haisukumi, ndio maana zinafanya kazi kwa jozi: moja ikikaza, mwenzake inalegea. Ukifunza watu presapu kila siku na hawavuti kitu, kifua kitashinda mgongo na mabega yataanza kuinama mbele kama ya mtu ameshinda kwa simu.

Kisha ujue mwili hutoa wapi nguvu. Chukua mlima wowote wa huku Mbooni. Ukiupanda mbio kwa kasi yako yote, sekunde 10 hivi za kwanza mwili unatumia akiba iliyo ndani ya misuli. Ukiendelea hadi dakika moja ama mbili, unachoma sukari haraka bila hewa ya kutosha, na hapo ndipo miguu huanza kuwaka moto. Ukipunguza kasi ukaenda nusu saa, moyo na mapafu yanachukua usukani, na mwili unachoma mafuta na sukari kwa kutumia oksijeni.

Hii ina maana gani kwa kazi yako? Mtu anayetaka kupanda mlima bila kuhema hatasaidika na sprinti za sekunde 10 peke yake. Na mchezaji wa boli anayehitaji kufyatuka hatasaidika na kutembea tu. Mwili hubadilika kulingana na kile unauuliza ufanye.

3. Ongeza pole pole, na uhesabu kazi ya shamba

Hapa ndipo makocha wa mtaa huharibu watu. Mtu amekuja siku ya kwanza, unampea skwoti 200 ndio "askie kazi." Kesho hawezi kuketi kwa choo. Keshokutwa hayuko. Na kuna mbaya zaidi: mtu ambaye hajazoea akisukumwa kupita kiasi, misuli inaweza kuvunjika vibaya na uchafu wake uende kuziba figo. Mkojo ukigeuka rangi ya chai ya rangi baada ya mazoezi makali, hiyo ni ya kukimbia hospitali mara moja, si ya kungoja.

Kanuni ni hii: mwili hupata nguvu ukiubebesha kidogo zaidi ya ulivyozoea, kisha ukaupea muda wa kupona. Bila mzigo hakuna mabadiliko. Bila kupumzika pia hakuna, kwa sababu misuli haijengeki wakati unainua, inajengeka ukilala. Na ukiacha kabisa, faida inaanza kupotea baada ya wiki chache.

Ukipanga mazoezi, panga vitu vinne: mara ngapi kwa wiki, kwa nguvu kiasi gani, kwa muda gani, na ni zoezi la aina gani. Badilisha kimoja kwa wakati. Shirika la Afya Duniani, WHO, kwa mwongozo wake wa 2020, linasema mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, ama 75 hadi 150 za makali, na ya kujenga misuli angalau siku 2. Hiyo ni mahali pa kufika. Si lazima mteja aanzie hapo.

Na jimu isipokuwa karibu, jerikeni iko. Lita moja ya maji ni kilo moja. Jerikeni ya lita 5, 10 na 20 ni vyuma vyako tatu, na ukitaka kilo 7 unajaza lita 7. Hiyo ni njia poa sana ya kuongeza uzito kidogo kidogo, hata kuliko jimu zingine ambazo dambeli zinaruka kutoka kilo 5 hadi 10.

Lakini kumbuka pia mteja wako ni nani. Mathe ambaye amepanda mlima na jerikeni ya maji asubuhi, akalima terasi hadi saa sita, tayari amefanya mazoezi. Ukimpea saa nzima ya kuruka jioni, unamchosha tu. Muulize siku yake ilikuwaje kabla umpangie yako. Pengine anachohitaji ni kunyoosha mgongo, kuimarisha tumbo na kufunzwa kuinua mzigo vizuri. Dere wa boda aliyeketi kwa pikipiki siku yote anahitaji kitu tofauti kabisa.

4. Pima nguvu kwa masikio, si kwa hesabu peke yake

Umewahi kuskia ile hesabu ya 220 kutoa umri. Msee wa miaka 25 anapata 195, hapo ndipo moyo wake unakadiriwa kufika mwisho kwa dakika. Mazoezi ya wastani ni kama asilimia 64 hadi 76 ya hiyo, yaani mapigo 125 hadi 148. Poa. Lakini hiyo ni makadirio. Watu wawili wa umri mmoja wanaweza kutofautiana kwa mapigo 10, hata zaidi.

Tena kuna mtego: baadhi ya dawa za presha hushikilia moyo usipande. Ukimwambia mtu anayemeza hizo dawa afikishe mapigo 140, anaweza kujiua akijaribu na moyo ukatae kufika.

Tumia mdomo wake. Akiweza kuimba, bado ni rahisi. Akiweza kuongea sentensi nzima lakini hawezi kuimba, hapo ni wastani. Akitoa neno moja moja, hapo ni makali. Pia muulize kutoka 0 hadi 10 anaskia ngumu kiasi gani. Wazo la kumuuliza mtu mwenyewe anavyoskia lililetwa na Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Uswidi, na hadi leo liko kwa mitihani yote mikubwa.

5. Umbo kabla ya uzito

Mazoezi ni mengi sana YouTube, lakini miondoko ya msingi ni michache: kuchuchumaa, kuinama kwa nyonga, kusukuma, kuvuta, kupiga hatua na kubeba. Mfunze mtu hii sita vizuri na umemfunza maisha.

Chukua ya kuinua jerikeni kutoka chini. Miguu upana wa nyonga, jerikeni karibu na mwili, makalio yaende nyuma, mgongo ubaki umenyooka, kisha asukume ardhi kwa miguu. Uti wa mgongo usikunjike kama upinde. Apumue nje akiinua. Angalia pia magoti yasiingie ndani akichuchumaa. Akishindwa, punguza uzito, usipunguze umbo.

Simama pembeni yake, si mbele kila saa, kwa sababu mgongo unaonekana vizuri ukiwa pembeni. Mpe maelekezo moja kwa wakati. Na kama lazima umguse kumrekebisha, omba ruhusa kwanza, kila mara. Kocha akianza kushikashika watu bila kuuliza, jina lake mtaani limeisha.

6. Wateja ambao hawataki mchezo

Mwenye presha aliyeruhusiwa na daktari: asishike pumzi akiinua, asiinuke ghafla akiwa amelala chini, na umpee muda mrefu wa kupoa mwisho. Ukisimamisha mtu ghafla baada ya mbio, damu hubaki miguuni na anaweza kuanguka.

Mwenye sukari, haswa anayejidunga insulini: mazoezi hushusha sukari. Akianza kutetemeka, kutoa jasho baridi ama kuongea vitu havieleweki, simamisha. Kama anaweza kumeza, mpee soda yenye sukari ama juisi, si maji. Waambie waje wamekula, na wavae viatu. Kidonda kidogo kwa mguu kwao si kitu kidogo.

Mama mjamzito: mazoezi ni mazuri kwa wengi, lakini lazima kliniki imekubali. Baada ya miezi mitatu ya kwanza, asilale chali muda mrefu. Damu ikitoka, kizunguzungu ama maumivu ya tumbo, mmesimama hapo hapo.

7. Dishi: ongea, lakini usijifanye daktari

Hapa Ukambani tuko na bahati na hatujui. Mahindi peke yake hukosa sehemu fulani ya protini, na maharagwe, ndengu ama nzuu peke yake pia hukosa nyingine. Ukizichanganya kwa sahani moja, kila moja inaziba pengo la mwenzake. Yaani isyo ya nyanya yako ilikuwa sayansi kabla ya ile poda ya mkebe kufika sokoni. Mtu anayefanya mazoezi kwa ukweli anahitaji protini kama gramu 1.2 hadi 2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Wa kilo 60 ni gramu 72 hadi 120. Yai moja ni kama gramu 6, kikombe cha ndengu zilizoiva ni kama 14. Anaweza kufika bila kuuza mbuzi.

Mwisho wako ni hapo. Kuelezea chakula cha kawaida ni sawa. Kumwandikia mgonjwa wa figo ama sukari mpango wa kula si kazi yako. Kenya ina sheria ya wataalamu wa lishe tangu 2007 na taasisi yao inaitwa KNDI. Goti linauma wiki tatu? Hiyo ni ya fiziotherapia, na wao pia wako na baraza lao. Na msee akikuletea sindano ama vidonge vya "kukata mafuta" ukauzie wateja, mkatalie. Hujui nini iko ndani, na wewe ndiye utatafutwa.

8. Huduma ya kwanza, halafu cheti chenyewe

Mtu akizirai, haitiki na hapumui kawaida, anza kukandamiza kifua wakati mwenzako anatafuta gari na kupiga simu 1199 ya Msalaba Mwekundu ama 999. Mikono katikati ya kifua, shuka sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kama umefunzwa kupuliza pumzi, ni mikandamizo 30 kwa pumzi 2. Kama hujafunzwa, kandamiza tu na usiache. Hii huwezi kujifunza kwa kusoma hapa. Msalaba Mwekundu wa Kenya na St John Ambulance hufunza na kutoa cheti, na hicho ndicho cheti cha kwanza unafaa kutafuta, kwa sababu karibu mashirika yote makubwa hayakupei cheti chao bila hicho.

Sasa hayo mashirika. Yanayotambulika sana ni ACE, NASM, ACSM na NSCA, yote ya Marekani. Yanataka uwe na miaka 18, na mengi yanataka uwe umemaliza sekondari. Mtihani wa NASM ni maswali 120 kwa masaa 2, wa ACE ni maswali 150 kwa masaa 3, na hiyo yote miwili unaweza kufanyia nyumbani ukiangaliwa kwa kamera, bora intaneti isikuangushe. Gharama ni makumi ya maelfu ya shilingi ukiweka vitabu na mtihani, na vyeti vya ACE na NASM vinadumu miaka 2, kisha unaonyesha umeendelea kusoma ndio uongezewe. Kwa hivyo usikope kabla ujue utarudisha vipi.

Ukitaka njia ya hapa nyumbani, Kenyatta University inafunza sayansi ya mazoezi na michezo hadi digrii. Vyuo vya ufundi navyo huandikishwa na TVETA. Chuo kikikupigia simu kinataka pesa leo na kukupea cheti Jumapili, uliza swali moja tu: mmeandikishwa na nani? Kisha uhakikishe mwenyewe kwa TVETA, ama kwa KNQA wanaosimamia viwango vya vyeti nchini.

Na kama ndoto yako ni Dubai, chunga zaidi. Huko wakufunzi huandikishwa na REPs UAE, na wanaangalia cheti chako kilitoka wapi. Wasee wanauza gari ya mzazi kulipa ajenti, kumbe cheti walichobeba hakitambuliki huko. Thibitisha cheti kwanza, tiketi baadaye.

Sasa wewe uanzie wapi?

Usingoje uwe na kila kitu. Mwezi huu, tafuta mafunzo ya huduma ya kwanza. Chapisha ile fomu ya maswali na uitumie hata kwa beshte wako anayefanya mazoezi bure. Chukua watu watatu tofauti, msee wa umri wako, mzazi wa miaka 50 aliyepimwa presha, na mtu wa uzito mkubwa, uwafunze ile miondoko sita kwa wiki nane na uandike kila kitu kwa daftari: walianza wapi, uliongeza nini, nini iliwauma. Hiyo daftari itakufunza kuliko video elfu moja, na siku ya kusomea mtihani utapata nusu ya kitabu tayari unaijua kwa mikono.

Yule mathe wa duka bado anangoja jibu la pesa ngapi. Mwambie bei yako, lakini muulize kwanza alipimwa presha lini.